Jamaa wa Penisilini

Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na nane Novemba 1992. Manyunyu yalikuwa yameanza kabla ya adhana ya alfajiri, na hata ilipofika saa tatu wingu lilikuwa bado limeulalia Mlima Kigali, kilele hakionekani. Baridi ilikuwa ya kuvaa koti. Kijiwe chetu cha Biryogo kilikuwa chini ya upenu wa mabati wa duka la Maneno, fundi cherehani: ubao mmoja wa mkalitusi, urefu wake mita mbili na nusu, uliowekwa juu ya matofali, unaotosha watu watano wanaovumiliana. Kando yake Shabani alikuwa na jiko la makaa na birika la kahawa yenye tangawizi. Siku hiyo tulikuwa wanne. Mlangoni alikaa Melchior, aliyeitwa Farumasi kwa sababu alifagia ghala la dawa kwa miaka kumi na minne. Akafuata Léonce, aliyeitwa Mombasa, dereva wa lori ambaye hakuwa na kazi tangu vita vilipoifunga njia ya mpakani Gatuna. Kisha Silvère, aliyeitwa Konseye ingawa hakuwahi kuwa diwani hata siku moja. Alikuwa karani wa kujaza kadi za wakazi. Mwisho, upande wa mtaro, nilikaa mimi, mstaafu wa idara ya takwimu, ambaye waliniita Bwana Hesabu. Kijiwe kilikuwa na kanuni moja tuliyoirithi kwa waliotutangulia: jambo likiletwa huzunguka kuanzia mlangoni hadi mtaroni, kila mtu kwa zamu yake, na aliyelileta haondoki kabla halijafika mwisho wa ubao. Mimi mwenyewe niliisifu kanuni hiyo mara nyingi. Niliona inafunza adabu.

Saa tatu na dakika kumi Maneno alikuja akipanda mteremko mbio, viatu ameshika mkononi kwa sababu ya tope. Duka lake lilikuwa limefungwa tangu jana jioni.

Maneno — Jamani, nimekuja kuwauliza. Nina dakika chache tu. Uwimana yuko hospitali, hanitambui.

Farumasi — Yewe! Mke wako? Juzi si alikuwa hapa anamtukana Konseye?

Maneno — Jana magharibi alisema kichwa kinamuuma. Usiku shingo ikakaza kama ubao huu. Alfajiri tukampeleka. Wamemtoa maji ya mgongoni, yametoka na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Daktari anasema ni homa ya uti wa mgongo, na dawa iingie sasa hivi.

Mombasa — Sasa iingie! Unangoja nini, bana?

Maneno — Nimekataa.

Shabani aliacha kumimina. Maneno akaketi juu ya kigoda cha Shabani, akaeleza, na nitaeleza kama alivyoeleza, kwa maana alieleza vizuri. Kadi ya hospitali ya Uwimana ilikuwa na mstari wa wino mwekundu: hapatani na penisilini. Daktari aliusoma, akaacha penisilini, akaacha na ampisilini, kwa kuwa hizo ni za tumbo moja. Dawa ya kawaida kwa watu wa namna hiyo, ile ya kloramfenikoli, ilikuwa imekwisha tangu Ijumaa. Kambi za wakimbizi wa vita zilikuwa zimeichukua yote. Imebaki seftriaksoni, vichupa vichache. Na daktari, kwa kuwa alikuwa mkweli, hakuficha kitu. Alisema kwamba seftriaksoni ni jamaa wa penisilini. Si ndugu wa tumbo moja. Jamaa wa mbali. Katika kila watu mia wanaodhuriwa na penisilini, vitabu vinasema labda kumi watadhuriwa na hii pia, na yeye anaamini ni wachache kuliko hao. Ameweka adrenalini tayari kando ya kitanda. Anataka saini ya mume.

Maneno — Aliposema jamaa, mkono wangu ukakataa kalamu. Nikamwambia, nipe nafasi niwaulize watu wangu. Akaniambia, kimbia, na ukimpata mtu anayejua ilivyokuwa mwaka ule mstari wa kadi ulipoandikwa, mlete. Sasa niambieni. Nitie saini au nisitie?

Akaagiza kahawa kwa wote, kama desturi ilivyotaka. Zamu ikaanzia mlangoni.

Farumasi — Mimi ile dawa naijua. Miaka kumi na minne naifagilia chini. Iko unga mweupe ndani ya kichupa kidogo, kifuniko cha mpira. Na penisilini iko namna gani? Unga mweupe, kichupa kidogo, kifuniko cha mpira! Zote zinataka maji kwanza. Na ghalani zilikuwa etajeri moja, rafu moja, hii hapa, ile pale. Unadhani bosi aliziweka pamoja bure?

Mombasa — Pengine nafasi ilikuwa ndogo.

Farumasi — Wee, ngoja zamu yako. Ampisilini ni penisilini imevaa koti la rangi mbili. Hii nyingine ni penisilini imevaa suti. Ukimvua, unamkuta yule yule. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Maneno — Lakini daktari anasema si mtoto wake. Ni jamaa wa mbali.

Farumasi — Nyoka wa mbali hang'ati?

Konseye alicheka, kisha akaona uso wa Maneno, akaacha. Farumasi aliendelea kwa dakika ishirini na tano. Alitaja mhudumu wa ghala aliyepasua kichupa akavimba midomo. Tulipomwuliza kichupa cha nini, alisema cha dawa. Kisha akamgeukia Maneno kwa sauti ya chini, ambayo ilisikika hadi ng'ambo ya barabara.

Farumasi — Na wewe mwenyewe, ndugu yangu, hukuchomwa penisilini? Mwaka ule, themanini na nne, uliporudi Bujumbura?

Maneno — Nilichomwa. Nilikuwa na kidonda cha mguu.

Mombasa — Cha mguu! Mguu gani huo, wa katikati?

Farumasi — Mwache. Ninachosema, dawa ilibaki damuni. Mke anaipata kidogo kidogo kwa mume, miaka minane. Mwili umejaa hasira. Sasa unataka kumwongezea jamaa yake? Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe ndiwe fundi wa nguo.

Maneno — Kama ni hivyo si angekufa tangu themanini na nne?

Farumasi — Ndiyo nakwambia. Mungu alimvumilia.

Maneno alisimama. Konseye akamshika mkono, kwa upole kabisa, akamkalisha. Kaa, akamwambia, jambo halijafika katikati. Haraka haraka haina baraka. Nikatikisa kichwa kukubali. Saa yangu ilikuwa inasema saa tatu na dakika arobaini na mbili.

Mombasa — Sasa mimi. Nyinyi mnasema ukoo, ukoo. Mimi nasema joto. Dawa yote inakuja kwa bahari, sawa? Inashuka bandarini, inangoja ushuru, jua linapiga kontena wiki tatu. Siku moja nimebeba masanduku ya dawa, zote mchanganyiko. Kufika Voi nafungua turubai, harufu inanipiga, napiga chafya mpaka Mtito Andei. Chafya mia moja!

Farumasi — Ulizihesabu?

Mombasa — Turnboy alizihesabu, utingo wangu. Ile ilikuwa nini? Penisilini imetoka kwenye sanduku lake, imeingia kwa jirani. Kwa hiyo, hata kama hii ya daktari ilizaliwa safi, njiani imelala na penisilini. Haina haja ya kuwa jamaa. Wamesafiri pamoja!

Maneno — Kwa hiyo nitie saini au nisitie?

Mombasa — Sikiliza. Gari la petroli ukilitia dizeli, linafanyaje? Halikatai papo hapo. Linakwenda mita mia mbili, linakohoa, linazima mlimani. Ndiyo hatari yake. Watamchoma, atafungua macho, mtafurahi, mtapika pilau. Kesho yake, mlimani.

Maneno — Mombasa, mke wangu si lori.

Mombasa — Najua, kaka. Samahani. Lakini ningekuwa mimi, ningesubiri ile nyingine ije. Kloro nini. Nasikia kuna magari yanatoka Rusumo Ijumaa.

Maneno — Ijumaa ni keshokutwa.

Mombasa — Subira huvuta heri.

Nilitazama uso wa Maneno wakati huo, na ni lazima niseme ukweli kwamba uliniridhisha. Ulikuwa umetulia. Alikuja akitetemeka, na sasa vidole vyake vilikuwa vimelala juu ya magoti. Nilidhani ni busara ya kijiwe iliyomtuliza. Sikuelewa kwamba mtu ambaye bado hajatakiwa kuamua hutulia hivyo hivyo.

Zamu ya tatu ilikuwa ya Konseye. Alikunja mikono ya koti lake, akazungumza polepole.

Konseye — Mesye Maneno, wewe unababaika na dawa. Mimi natazama kadi. Kadi imesema nini?

Maneno — Hapatani na penisilini.

Konseye — Kwa wino gani?

Maneno — Mwekundu.

Konseye — Voilà. Wino mwekundu si mchezo. Nimejaza kadi miaka ishirini na mbili. Kitu kikishaandikwa kwenye kadi, ndiyo hicho. Mtu anakuja ananilalamikia: mimi si hivyo, mimi ni vile, muulize bibi yangu. Namwambia, ndugu, bibi yako hana muhuri. Kadi imesema.

Farumasi — Na ikikosea?

Konseye — Kadi haikosei. Mtu ndiye anayekosea kuzaliwa.

Alikusudia kuchekesha. Shabani aligeuza uso, akapuliza makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri. Mwaka ule kila mmoja wetu alikuwa na kadi nyingine mfukoni, yenye mstari wa kabila ambao askari wa kizuizini waliusoma kabla ya jina, na hatukuwa na mazoea ya kuizungumzia barabarani.

Konseye — Na kitu kingine. Daktari amekwambia ameweka adrenalini kando ya kitanda. Ya nini?

Maneno — Kama mwili ukikataa, amwokoe.

Konseye — Unaona? Anajua! Mtu anakukaribisha chakula, halafu chini ya meza ameficha jeneza. Kama chakula ni kizuri, jeneza la nini?

Mombasa — Mana yanje, Mungu wangu. Hilo sikuliwaza.

Farumasi — Kinga ni bora kuliko tiba!

Konseye — Nasema hivi: wanataka kuijaribu. Vichupa vichache vimekuja vya msaada; nani atavijaribu? Mke wa mkubwa? Watatafuta mke wa fundi, wampe mume kalamu. Saini ni yako. Akifa, umeua wewe.

Maneno alizika uso mikononi. Manyunyu yalikuwa yamekuwa mvua kamili, na maji ya mtaro yalikuwa yanapita karibu na miguu yangu yakibeba maganda ya ndizi. Kisha akanyanyua kichwa, akanitazama mimi, kwa maana zamu ilikuwa imefika mwisho wa ubao. Aliniita kwa heshima, si kwa jina la utani.

Maneno — Mzee wangu. Wewe umesoma. Niambie wewe.

Nilikuwa nimengoja zamu hiyo. Nilitoa kalamu na kipande cha karatasi ya kufungia sukari, nikaanza kumfundisha. Nikamwambia kwamba habari za etajeri, za Voi na za jeneza ni porojo, tuziweke kando. Tushike takwimu ya daktari peke yake. Kumi katika mia. Nikaandika. Kumi katika mia ni moja katika kumi. Nikachora vikombe kumi vya kahawa, nikatia alama kimoja.

— Hiki kina sumu, nikamwambia. Tisa havina. Sikuambii unywe wala usinywe. Nakuonyesha tu ukubwa wa jambo.

Maneno — Moja katika kumi.

— Ndiyo.

Maneno — Ni kubwa.

— Si ndogo, nikasema.

Farumasi, Mombasa na Konseye walitazama vikombe vyangu kwa heshima ambayo hawakuwahi kupeana wao kwa wao. Nilieleza pia tofauti kati ya wastani na uwezekano. Nilieleza kwamba daktari mwenyewe alisema ni wachache kuliko kumi, lakini kwamba msomi hachukui namba ya kukisia akiacha ya kitabu. Nadhani nilizungumza nusu saa. Katika nusu saa hiyo sikuchora safu ya pili ya vikombe, ile ya wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo wasiopewa dawa yoyote. Namba zake nilizijua. Zilikuwa katika ripoti ya afya niliyoihakiki mwenyewe miaka sita kabla ya kustaafu: katika vikombe kumi, hakibaki hata kimoja cha kunyweka. Nilipima upande mmoja wa mizani, nikauita mizani.

Saa tano na robo mwanamke mmoja alisimama chini ya upenu kujikinga na mvua. Jina lake, tulilijua baadaye, lilikuwa Gahongayire. Alikuwa ametoka kambi ya waliokimbia vita Byumba, na alikuwa amebeba sare ya mtoto iliyochanika bega, akitafuta fundi. Alikuta fundi analia.

Gahongayire — Kuna msiba?

Mombasa — Bado, mama. Tunauzuia.

Konseye akamweleza kwa ufupi: mke mgonjwa, kadi, wino mwekundu, dawa ya ukoo ule ule, saini. Alisikiliza akiwa amesimama, maji yanamchuruzika kutoka kwenye kitenge.

Gahongayire — Na hiyo penisilini yenyewe, siku alipochomwa, ilimfanya nini?

Farumasi — Inamkataa.

Gahongayire — Nimesikia. Ilimfanya nini?

Konseye — Mama, imeandikwa.

Gahongayire — Aliyeandika aliona nini? Alivimba? Alikosa pumzi? Alianguka? Mimi mtoto wangu dawa moja ilimfanya akose pumzi kabla sindano haijatoka. Hiyo siwezi kuisahau. Huyu wenu ilimfanyaje?

Farumasi alimtazama Mombasa, Mombasa akamtazama Konseye, Konseye akanitazama mimi. Nilitazama karatasi yangu. Dakika mia moja na ishirini na tano tulikuwa tumezungumza, na hilo ndilo daktari alilokuwa amemtuma Maneno kulitafuta.

Maneno — Sijui, mama. Wallahi sijui. Nilimwoa akiwa na kadi yake.

Gahongayire — Hukumwuliza?

Maneno — Yeye mwenyewe alikuwa mdogo. Mama yake ndiye aliyekuwapo. Mama yake, Nyirahabimana, alikuwa huko Byumba. Tangu vita viingie sijui alipo.

Gahongayire — Byumba ndiko nilikotoka. Wa mlima gani?

Akamtajia. Yule mwanamke akasema kambini watu wamejipanga kwa milima yao, atauliza. Maneno akavaa viatu vyake juu ya tope, akasimama.

Konseye — Unakwenda wapi? Hatujahitimisha.

Maneno — Kutia saini.

Konseye — Na kadi?

Maneno alikuwa ameshatoka chini ya upenu. Aliteremka barabara katikati ya mvua, akiteleza, akishika kuta za watu. Saa tano na dakika ishirini. Shabani aliinua birika, akalitikisa, lilikuwa tupu. Tulibaki tumekaa, na kwa mara ya kwanza tangu nilijue benchi lile, zamu haikuwa ya mtu yeyote.

Yaliyofuata niliyapata kwa daktari na kwa Maneno, na maelezo yao yalilingana. Saini ilitiwa saa sita kasoro dakika kumi. Sindano ya seftriaksoni ikaingia dakika tano baadaye. Daktari alikaa kando ya kitanda saa nzima, adrenalini mkononi, akiangalia ngozi, midomo na pumzi. Hakikutokea hata kipele kimoja. Wala siku ya pili, wala ya tatu. Siku ya nne homa ilishuka. Siku ya sita Uwimana alifungua macho, akamtambua mume wake, akaomba uji.

Nyirahabimana alipatikana baada ya siku kumi na moja. Gahongayire alimleta kijiweni mwenyewe, mama mfupi mwenye fimbo, aliyevaa viatu viwili visivyo vya jozi moja. Tulimpa nafasi katikati ya ubao. Maneno akamwuliza kwa Kinyarwanda kuhusu mwaka ule wa sindano. Alikumbuka vizuri kabisa.

— Alikuwa na miaka sita, alisema. Alikuwa na kikohozi, wakamchoma. Kesho yake akatoka vipele mwili mzima. Muuguzi akashtuka, akaandika kwenye kadi. Nikamwambia, binti yangu, juma hili watoto wa mlima wote wana vipele, ni surua imeingia. Akaniambia mama, wewe hujasoma.

Konseye alivua kofia yake, akaikunja, akaivaa tena.

Maneno — Kwa hiyo hata penisilini yenyewe…

— Hata hiyo, akasema yule mama. Mwaka uliofuata alichomwa tena na mganga wa parokia, ambaye hakuiona kadi. Hakufanywa kitu. Nani angeniuliza?

Daktari aliufuta ule mstari kwa kalamu ya bluu, akatia tarehe na jina lake. Kisha akafanya jambo jingine, nami nilikuwapo, kwa kuwa tangu azinduke Uwimana hakuwa akijibu akisemeshwa, nasi tulidhani ni uchovu. Alisimama nyuma ya Uwimana, ambaye alikuwa ameketi kitandani akisuka nywele za mgonjwa mwenzake, akagonga sufuria kwa kijiko. Wagonjwa wote wa wodi waligeuka. Uwimana aliendelea kusuka. Akagonga tena karibu na sikio la kulia, kisha la kushoto. Maneno aliita jina lake, kwanza kwa sauti ya kawaida, halafu kwa sauti ambayo sitaki kuieleza. Yule mgonjwa aliyekuwa anasukwa ndiye aliyemgusa goti na kumwonyesha kwamba anaitwa.

Nje, ukumbini, nilimwuliza daktari swali la kihesabu. Nilitaka kujua sehemu gani ya hasara hii ni ya ugonjwa wenyewe, na sehemu gani ni ya zile dakika mia moja na thelathini tulizomweka Maneno kwenye kigoda. Alikuwa amechoka, lakini alinijibu kwa adabu. Alisema ugonjwa huu huchukua masikio ya watu hata wakitibiwa mapema. Alisema pia kwamba kila saa ina uzito wake. Na akasema kwamba kwa mgonjwa mmoja haiwezekani kugawanya. Nilimwomba akisie. Alikataa.

Kwa hiyo siwezi kuandika mgawanyo, naandika jumla peke yake: masikio mawili.